Mhariri anataka wanyama kumi wenye akili. Nimpe nini?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwandishi katika jarida la vijana hapa Dodoma. Nimepewa kurasa 8 za makala ya picha na michoro kuhusu akili za wanyama. Mhariri amependekeza 'Wanyama Kumi Wenye Akili Zaidi Duniani'. Nina mpiga picha mmoja, mchoraji mmoja na wiki sita. Pesa ya safari inatosha safari moja tu, tena ya hapa hapa nchini. Nianzie wapi, na nichague wanyama gani?"

Marahaba, binti yangu. Hongera kwa kurasa nane. Wengine tulianza na robo ukurasa, chini ya tangazo la sabuni.

Tuanze na hiyo orodha ya kumi, maana ndiyo itakayokukwamisha. Nimeshaiandika mwenyewe zaidi ya mara moja, kwa hiyo sikucheki. Utamu wake ni kwamba inajipanga yenyewe: sokwe wa kwanza, pomboo wa pili, tembo, kunguru, pweza, kila mmoja na picha yake na aya yake, kazi imekwisha. Shida inakuja pale msomaji mmoja mkorofi anapouliza mmepima kwa kipimo gani. Hapo huna jibu. Katika milima ya magharibi ya Marekani kuna ndege wa jamii ya kunguru anayefukia mbegu za misonobari kwa maelfu kabla ya majira ya baridi, halafu anazifukua miezi kadhaa baadaye, nyingine zikiwa chini ya theluji. Mimi funguo za nyumba naziweka mezani jioni, asubuhi nazitafuta. Kwenye orodha yenu nani anakaa juu?

Ukimkatalia mhariri hilo, atakuletea wazo la pili: mchoro wa bongo zilizopangwa kwa ukubwa, kutoka panya hadi nyangumi. Kataa pia. Ubongo wa tembo una seli za neva kama bilioni 257, wa binadamu una kama bilioni 86. Ukiishia hapo, tembo katushinda karibu mara tatu. Lakini kama asilimia 98 za seli hizo za tembo zimejazana sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayosimamia mwendo wa mwili. Kwenye gamba la juu la ubongo, linalohusika na kufikiri, tembo ana bilioni 5.6, sisi bilioni 16. Mchoro mmoja utasema tembo anatuzidi, mwingine utasema tunamzidi, na yote miwili imechorwa kwa takwimu sahihi. Mchoro wa namna hiyo unapendeza ukutani, ila haumwambii msomaji kitu.

Wewe panga maswali kwanza, wanyama watakuja wenyewe. Kila kurasa mbili zinazotazamana zibebe swali moja, mnyama mmoja, na picha au mchoro mmoja mkubwa unaoonyesha watu walijuaje. Hilo la mwisho ndilo wengi wanalisahau. Wanatafuta picha ya sura ya mnyama, macho makubwa yanayotazama kamera, wanaandika chini yake "ana akili kama binadamu." Sura haithibitishi chochote.

Kabla hujamchagua mnyama hata mmoja, mjue farasi anayeitwa Hans. Aliishi Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, akamfundisha Hans kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa ubao na namba. Ukimwuliza saba kujumlisha tano, Hans anagonga kwato mara 12 kisha anatulia. Watu walifurika uani kumtazama. Mwaka 1904 jopo la wataalamu likamchunguza, likasema halikuona hila yoyote. Na kweli haikuwepo. Yule mzee hakuwa tapeli. Ndipo mwanasaikolojia Oskar Pfungst akafanya jambo jepesi sana: akaweka mwulizaji ambaye naye hajui jibu. Hans akagonga ovyo. Akamziba farasi asimwone mwulizaji, Hans akagonga ovyo tena. Ikabainika kwamba mwulizaji, akishamaliza swali, huinamisha kichwa kidogo kutazama kwato, na hesabu ikifika pale anapotarajia, kichwa kinanyanyuka kidogo mno, mwenyewe hana habari. Hans alikuwa anasoma kichwa cha mtu. Pfungst alichapisha matokeo hayo mwaka 1907.

Picha za Hans zipo, na nakushauri utumie moja. Unamwona mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia, farasi amesimama mbele yake, ua wa mawe, kila kitu kimetulia. Ukiitazama bila kujua kisa chake, unamtazama farasi. Ukishajua, unamtazama mzee. Kwa hiyo kila utakapoletewa picha ya mnyama mwenye akili, mtafute kwanza mtu wa pembeni. Amesimama wapi? Anajua nini? Mnyama anamwona? Wanyama wanne ninaokutajia hapa chini nimewachagua kwa sababu kila mmoja anamjibu huyo mtu wa pembeni kwa namna yake.

Nimesema wanne, na nitaeleza kwa nini. Chukua karatasi mbili za A4, zipachike pamoja, zikunje katikati, upate kijitabu cha kurasa nane. Andika namba kwa penseli. Sasa nenda kwa msanifu kurasa wenu umwulize: makala inaanzia ukurasa wa kushoto au wa kulia? Ikianzia kushoto una kurasa mbilimbili mara nne, safi kabisa. Ikianzia kulia, una ukurasa mmoja peke yake, kisha mbilimbili mara tatu, kisha mmoja peke yake tena, na mpango wako wote unabadilika. Nimeona makala nzuri ikivunjika siku ya mwisho kwa sababu tangazo liliingia mbele na kila kitu kikasogea ukurasa mmoja. Picha iliyopangwa kutanda kurasa mbili ikakatwa, mkonga upande huu, masikio upande wa pili baada ya kufunua. Pigania kuanzia kushoto, na uipate ahadi hiyo kwa maandishi. Halafu mwambie mpiga picha asiweke kichwa cha mnyama katikati kabisa ya fremu, maana kitamezwa na mkunjo.

Kurasa mbili za kwanza mpe fisi.

Najua hukumtegemea. Ndiyo maana namweka mbele. Msomaji wako kalelewa na hadithi ambazo Sungura ni mjanja na Fisi ni mlafi asiyejua kesho. Ukimfungulia makala kwa sokwe, atasema "najua". Ukimfungulia kwa fisi, atasimama. Katika hifadhi ya Masai Mara, Kenya, mtafiti Kay Holekamp na wenzake wamewafuatilia fisi madoa tangu 1988, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2012 yeye na Sarah Benson-Amram walichapisha jaribio la sanduku la chuma: ndani mna nyama, mlango una komeo, na fisi wa porini anaachiwa sanduku afanye atakavyo. Fisi 62 walijaribu, 9 wakafungua. Waliofungua ni wale waliojaribu njia nyingi tofauti: kung'ata, kuvuta, kusukuma, kuchimbua, kupindua. Aliyeng'ang'ania njia moja alirudi na njaa yake.

Hapo una mchoro ambao hauhitaji maelezo marefu. Mwambie mchoraji achore vichwa 62 vidogo vya fisi kwa mistari, 9 vyenye rangi, vilivyobaki vya kijivu. Wahariri wengi wanaficha walioshindwa. Wewe waonyeshe wote 53. Msomaji akiona kwamba kazi ilikuwa ngumu hata kwa fisi wenyewe, ataamini zaidi kwamba wale tisa walifanya kitu. Kwa picha kubwa, waandikie watafiti wenyewe uombe picha ya fisi na sanduku, ukitaja jarida, idadi ya nakala na tarehe. Mkiikosa, mchoraji achore sanduku kwa karibu, komeo lionekane linavyoteleza. Mtu wa pembeni hapa hayupo: hakuna aliyesimama mbele ya fisi akinyanyua kichwa.

Picha ambayo hutaikubali, hata ukipewa bure, ni ile ya fisi ana damu mdomoni juu ya mzoga. Inavutia, ndiyo, lakini inarudisha hadithi ile ile unayojaribu kuifungua.

Kurasa mbili za pili ni za tumbili, na hizi ni za mchoraji peke yake, maana kamera haipigi picha ya sauti. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha kazi waliyoifanya Amboseli, Kenya. Ilishajulikana kwamba tumbili ana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Swali lilikuwa hili: tumbili wanakimbia kwa sababu wamesikia mlio, au kwa sababu na wao wamemwona adui? Wakarekodi milio, wakaficha spika vichakani, wakasubiri mpaka hakuna adui karibu, wakaipiga. Kwa mlio wa chui tumbili walipanda mtini. Kwa mlio wa tai walitazama juu na kujificha vichakani. Kwa mlio wa nyoka walisimama kwa miguu miwili wakakagua nyasi.

Mchoraji wako ataifurahia hii, na atakosea hapa: atachora chui. Usimruhusu. Jaribio zima limesimama juu ya kwamba chui hakuwepo. Akimchora, msomaji ataona tumbili anamkimbia chui, jambo ambalo hata kuku analifanya. Taka michoro mitatu, mti ule ule, tumbili wale wale, pembe ile ile ya kutazama. Kinachobadilika ni mwili na macho tu. Spika ionekane kichakani, na mtu wa pembeni akiwa mbali, amejificha. Adui awe alama ndogo kando, kama muhuri. Na kile kiputo cha maneno chenye "Chui!" ndani yake usikiweke. Tukikiweka tumeshaamua kwamba mlio ule ni neno kama maneno yetu, na wataalamu wanabishana hapo hadi leo.

Kisha acha nafasi kwenye kona kwa mchoro mdogo ninaoupenda kuliko yote: kitoto cha tumbili kinapiga mlio wa tai kwa sababu kimeona jani linaanguka. Ndivyo wanavyofanya wakiwa wadogo. Kinachopaa au kudondoka angani ni tai mpaka ithibitike vinginevyo. Kadiri wanavyokua, mlio unabaki kwa tai wa kweli. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili anayeita kila chenye miguu minne "paka" atacheka mwenyewe.

Hapa pia angalia majina. Kiswahili kina tumbili, ngedere, kima, mbega, nyani na sokwe, na si mnyama mmoja. Kwingine tumbili na ngedere wanachanganywa kwa mazungumzo, sawa, lakini jaridani chagua jina moja na ulishike kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na sokwe hana mkia. Msomaji wa Kigoma atakuandikia barua.

Kwa kuwa nimemtaja sokwe: mwache. Habari ya Gombe ya mwaka 1960, Jane Goodall akimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard anachomeka bua la nyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa, ni kubwa kuliko zote nilizotaja, na ndiyo sababu imeshasimuliwa mno. Pesa yako ya safari moja haikufikishi Kigoma na kwingine. Lakini kuna kosa la sokwe ninalokudai ulijue, maana nililifanya mimi. Miaka mingi iliyopita, katika jarida nililokuwa nafanyia kazi, nilichapisha ukurasa mzima wa sokwe aliyetoa meno yote nje, chini nikaandika kwamba anacheka na mpiga picha. Wiki iliyofuata mtafiti mmoja akapiga simu, kwa upole uliouma kuliko matusi, akaniambia: yule aliogopa. Sokwe akivuta midomo nyuma na kuonyesha meno ya juu na ya chini yaliyobanwa, ni hofu. Akiwa anacheza, mdomo unaning'inia wazi na meno ya juu yamefunikwa na mdomo. Tangu siku hiyo kila picha ya mnyama "anayetabasamu" naipeleka kwanza kwa mtu anayemjua mnyama huyo. Nawe fanya hivyo, hata kwa fisi.

Kurasa mbili za tatu ni za ndege anayeonyesha asali, ambaye wengine humwita mlembe na wengine kiongozi-asali. Hapa mtu wa pembeni anaingia katikati ya picha, maana yeye ni nusu ya habari yenyewe. Ndege anajua mzinga ulipo lakini hawezi kuupasua; mtu ana shoka na moto lakini hajui mzinga ulipo. Asali ni ya mtu, nta na mabuu ni ya ndege. Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walipima jambo hili kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha mwaka 1989: bila ndege, mtafutaji alitumia wastani wa saa 8.9 kuupata mzinga. Akiongozwa na ndege, saa 3.2.

Baadaye ikaja sehemu tamu zaidi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita ndege kwa sauti ya mtetemo wa midomo unaoishia na mguno, kama "brrr-hm". Wahadzabe wa kwetu, kule upande wa Ziwa Eyasi, wanampigia mluzi. Claire Spottiswoode na Brian Wood walipiga sauti zote mbili katika nchi zote mbili, wakachapisha mwaka 2023. Upande wa Wahadzabe, ndege waliitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mtetemo wa Kiyao. Niassa ikawa kinyume chake, karibu mara mbili. Aina moja ya ndege, lakini kila mmoja anaelewa wito wa majirani zake. Na kumbuka kifaranga cha ndege huyu hakilelewi na wazazi wake; yai linatagwa kwenye kiota cha ndege wengine, kama kekeo na vibaka wengine wa viota. Wito hakufundishwa na mama.

Kwa picha, ramani ndogo: Tanzania kaskazini na Msumbiji kaskazini, kila upande mtu mmoja na sauti yake imechorwa kama wimbi. Ndege mwenyewe hana urembo wa jalada, ni wa kijivu-kahawia. Mimi ningemweka mdogo, na picha kubwa ningeipa nta: sega lililovunjwa, mkono wa mtu, moshi. Ukitaka kitu cha kale, padri Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwaka 1588, aliandika kwamba ndege mdogo alikuwa akiingia kanisani kula nta ya mishumaa. Sofala ya Waswahili hiyo hiyo. Mchoraji apewe robo ukurasa kwa ajili ya mshumaa huo.

Tahadhari moja: wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba watafiti ndio walioigundua. Warina asali walikuwa wanajua. Watafiti walipima. Kwenye maelezo ya picha mtu awe na jina lake, kwa idhini yake, wala si "mwenyeji akiwa na asali".

Kurasa mbili za mwisho, na safari yako moja: panda treni ya umeme, shuka Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Andika barua ya kuomba kupiga picha wiki hii hii, usingoje. Maarufu wao, Magawa, alizaliwa huko Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Alifariki Januari 2022. Panya mmoja hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa sababu kifaa kinalia kwa kila msumari na kizibo, ilhali panya anafuata harufu ya baruti tu.

Hapa ndipo makala yako itapimwa. Je, hii ni akili au mazoezi? Panya hajui kwamba bomu ni bomu. Anajua kwamba harufu fulani, akikwangua ardhi juu yake, inaleta ule mlio wa "tik" na kipande cha ndizi. Usiifiche sentensi hiyo kwenye kisanduku. Iweke chini ya picha kubwa. Kiswahili kinakusaidia, kina akili, ujanja, werevu, silika na mafunzo, na kila moja ina kazi yake. Sungura wa hadithi ana ujanja, maana yake anahadaa. Panya huyu hahadai mtu. Kuweza kutenga harufu moja kati ya harufu zote za shamba, na kuikumbuka miezi tisa ya masomo, ni kitu kikubwa hata usipokiita akili.

Fikeni alfajiri. Panya buku ni mnyama wa usiku, kazi inafanyika kabla jua halijakali. Mpiga picha alale kifudifudi, kamera usawa wa majani, asiwashe mwanga wa kamera. Utaona panya amefungwa mkanda mdogo kifuani, anakwenda na kurudi kwenye kamba iliyotandazwa kati ya watu wawili, pua chini, masharubu yanacheza. Akisimama na kukwangua, hiyo ndiyo picha. Nyingine ni za nyongeza, ikiwemo ile kila mtu atakayoitaka, ya panya begani kwa mkufunzi. Pigeni, msiichapishe kubwa.

Na wale watu wawili wenye kamba wasikatwe kwenye fremu. Waulize swali la Pfungst: siku panya anapopimwa, nani kati yenu anajua bomu limefukiwa wapi? Jibu lao liandike kama lilivyo, na picha ya Hans na mzee wake iweke ukurasa unaotazamana nao.

Tembo utaulizwa. Mhariri hatakubali makala ya wanyama isiyo na tembo, kwa hiyo mpe kisanduku kwenye kurasa za tumbili, kwa kuwa naye ni habari ya sauti. Lakini pima maneno. Mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walichapisha uchunguzi wa milio 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu. Programu ya kompyuta ilimtambua anayeitwa kwa asilimia 27.5 ya milio, wakati ile ya kulinganishia ilipata asilimia 8. Tembo 17 walipigiwa milio kwa spika, wakaitikia kwa haraka zaidi ule uliokuwa umeelekezwa kwao. Magazeti mengi yakaandika "Tembo wanaitana kwa majina". Wewe andika "Huenda tembo wana kitu kinachofanana na majina". Ndefu, najua. Msanifu kurasa atalalamika, mwambie apunguze herufi.

Mengine nitayapita haraka. Ndani ya hifadhi, kupiga picha za biashara kuna kibali chake na ada yake, mbali na kiingilio cha mtalii. Picha uliyoiokota mtandaoni ina mwenyewe, isipokuwa leseni yake imeandikwa waziwazi. Yule makaku (kima wa Asia) wa Indonesia aliyejipiga picha mwenyewe mwaka 2011 alisababisha kesi Marekani iliyofika mahakama ya rufaa mwaka 2018, na majaji wakasema mnyama hawezi kushtaki kwa hakimiliki, lakini mwenye picha akikushtaki wewe, watamsikiliza. Picha zilizotengenezwa na kompyuta usitumie hata moja, maana makala nzima inamwomba msomaji aamini anachokiona. Na sokwe au kasuku akiwa na nguo, kwenye kochi la mtu, hapana: watu wakiona hivyo wanaanza kumtaka nyumbani.

Wiki ya kwanza usipige picha. Piga simu, andika barua, kunja karatasi. Wiki ya tatu uwe Morogoro, ili ukirudi na picha mbovu kuna muda wa kurudi. Wiki ya tano maelezo ya picha yote yawe yameandikwa, na umpe mtu ambaye hajaisoma makala ayasome yenyewe tu, maana hivyo ndivyo nusu ya wasomaji watakavyoisoma.

Kwa mhariri nenda na kile kijitabu cha penseli mkononi. Mwonyeshe fisi ukurasa wa kwanza. Akikuuliza jalada, mwambie fisi huyo huyo, macho yake yako kwenye komeo wala hayatazami kamera.